Gesi ya bajaji kutoka taka za soko: mwongozo kamili wa kusafisha biogesi Dar es Salaam

Kila ninapokaa na watu wa halmashauri au vijana wa vyuo tukagusia gesi ya taka, swali la kwanza halibadiliki: "Dampo la Pugu Kinyamwezi si lipo palepale? Kwa nini tusitoboe, tuivute, tuisafishe, tujaze bajaji?" Swali ni zuri. Foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vya gesi kila mtu anaziona. Jibu langu ni fupi na huwaudhi: gesi ya dampo la wazi ina hewa ndani yake, na hewa ikishachanganyika na gesi, kuitoa ni ghali kuliko gesi yenyewe. Ukilishika neno hilo moja, hewa, umeshapata nusu ya mwongozo huu.

Biogesi mbichi, iwe ya samadi au ya maganda ya ndizi, ina methani asilimia 50 hadi 70. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni hewa ukaa (kaboni dayoksaidi, si ile hewa tunayovuta). Humo pia kuna mvuke wa maji, haidrojeni salfaidi (ile harufu ya mayai yaliyooza, hapa chini nitaiita salfa tu), na chembechembe za vitu vingine. Gesi asilia ya Songo Songo, inayofika Dar tangu 2004, ina methani zaidi ya asilimia 97. Injini haiulizi kama methani imetoka chini ya bahari ya Kilwa au kwenye jalala la Mabibo. Kazi yetu ni kuitoa gesi kwenye methani asilimia 60 na kuifikisha 95 na kuendelea. Ikifika hapo inaitwa biomethani, na unaweza kuiuza popote inapouzwa gesi asilia.

Kabla ya yote: je, unahitaji kusafisha kiasi hicho?

Kama gesi yako ni ya kupikia, huhitaji. Tangu Januari 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimekatazwa kuni na mkaa, kwa hiyo shule, magereza na hoteli zinatafuta mbadala. Jiko linawaka vizuri na biogesi yenye hewa ukaa ndani yake. Toa maji, toa salfa, badilisha tundu la jiko, basi. Jenereta nayo haihitaji methani ya asilimia 95. Fundi anayekushauri ununue mtambo wa mamilioni ili upike ugali wa wanafunzi anauza mashine, hauzi ushauri.

Kusafisha kikamilifu kuna maana pale gesi inapopanda chombo: inaposhindiliwa kwenye mtungi wa baa 200 (baa za msukumo, si za bia), au inapoingia kwenye bomba la watu wengine. Mtungi wa biogesi mbichi ni mzigo wa kijinga. Karibu nusu ya unachobeba hakiwaki, na maji yakikutana na salfa yanakula chuma kutoka ndani, mahali usipoona.

Hatua ya kwanza: chagua chanzo, na uwe mkweli kuhusu dampo

Jiji hili lina historia ndefu ya kuhamisha takataka. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kulipinga dampo lao. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Pale Mtoni ndipo tulipojaribu gesi kwa mara ya kwanza: mradi wa kuivuta ulisajiliwa mwaka 2007 kwenye utaratibu wa kaboni wa Itifaki ya Kyoto (mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia), na ulikuwa wa kwanza kwa Tanzania. Mpango ulikuwa kuichoma gesi na kuzalisha umeme. Gari halikuwemo kwenye hesabu, na waliopanga hivyo hawakukosea.

Dampo la wazi lina shida tatu kwa wakati mmoja. Taka hazijafunikwa vizuri, kwa hiyo ukivuta gesi unavuta na hewa ya nje. Mvua na joto letu huozesha chakula haraka: kwa vigezo vya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, taka za chakula kwenye tropiki yenye mvua hupoteza nusu ya uwezo wake wa gesi kwa chini ya miaka miwili, hivyo ukichelewa kufunika unachimba mfuko mtupu. Na moto wa chini kwa chini, ule unaotoa moshi siku zote, unakula methani kabla yako.

Tufanye hesabu. Tuseme kisima cha dampo kinatoa methani 50, hewa ukaa 38, naitrojeni 11 na oksijeni 1. Ondoa hewa ukaa yote, hata tone lisibaki. Umebaki na 62, na methani ni 50 kati yake. Hiyo ni asilimia 80 na ushee. Mashine ya hewa ukaa imefanya kazi yake bila kosa lolote na gesi bado haifai kuuzwa kama gesi asilia. Naitrojeni na methani zinafanana mno kwa ukubwa na tabia. Mitambo ya kuzitenganisha ipo, lakini ni ya miradi mikubwa. Dampo la Fresh Kills la New York lilianza kuuza gesi iliyosafishwa miaka ya 1980, lakini lile ni mlima wa taka uliofunikwa, si jalala linalofuka moshi.

Kama dampo ndilo ulilokabidhiwa na huna jingine, fuata utaratibu huu. Funika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ndipo utoboe. Weka mabomba ya plastiki ngumu yenye matundu sehemu ya chini tu. Vuta polepole. Kila kisima kiwe na koki yake na sehemu ya kupimia, na kila wiki mtu apite na kipimo cha mkononi. Oksijeni ikizidi asilimia 1, punguza mvuto. Joto la kisima likipanda kupita 55°C, funga haraka, maana huenda umeshawasha moto chini. Masika visima hujaa maji machafu na gesi hukatika, kwa hiyo pampu ndogo ya kuyatoa iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna ujanja mmoja wa kusoma kipimo ambao mafundi wengi hawafundishwi. Hewa ya kawaida ina naitrojeni karibu mara nne ya oksijeni. Ukikuta naitrojeni na oksijeni ziko kwenye uwiano huo, hewa imeingia sasa hivi: bomba limepasuka au kiungo kinavuja, kakitafute. Ukikuta naitrojeni nyingi lakini oksijeni karibu hakuna, hewa imepita ndani ya taka na bakteria wameshakula oksijeni yake: hapo unavuta kwa nguvu mno. Ugonjwa wa kwanza dawa yake ni spana, wa pili dawa yake ni kupunguza tamaa.

Msimamo wangu: gesi ya dampo ichomwe kwenye mwenge (bomba la kuchomea gesi isiyotumika) au iendeshe jenereta. Gesi ya gari itoke kwenye tangi lililofungwa. Kuanzia hapa nazungumzia tangi.

Hatua ya pili: taka zenyewe

Mabibo, Buguruni, Temeke Stereo na Ilala ni migodi. Machinjio ya Vingunguti nayo inatoa mabaki ya tumbo la ng'ombe, ambayo ni mbegu nzuri ya bakteria. Lakini usisaini chochote kabla ya kupima uzito. Chukua mizani, kaa getini wiki mbili kiangazi na wiki mbili masika, andika kila guta na kila Canter. Msimu wa maembe si sawa na msimu wa machungwa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuua au kukuokoa.

Machungwa hasa. Mafuta ya ganda la chungwa yanaua bakteria wanaotengeneza gesi. Kidogo ndani ya mchanganyiko si tatizo. Canter nzima ya maganda ya juisi kwa mpigo ni sumu. Damu ya machinjioni na utumbo wa samaki wa Feri vinatoa gesi nyingi lakini vinaleta amonia na salfa, hivyo viingie kama chumvi kwenye mboga.

Adui wa kimya wa Dar ni mchanga. Taka za soko zinafagiliwa chini, na chini yetu ni mchanga mtupu. Ukiuruhusu uingie, baada ya muda tangi lako ni ufukwe, na siku ya kulifungua utalia. Jenga bwawa dogo la kutulizia kabla ya pampu, taka zipite humo mchanga uzame. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini plastiki bado zimejaa sokoni, kwa hiyo weka meza ya kuchambua na uwalipe vizuri wanaochambua. Waokota chupa wanaijua kazi hii kuliko mhandisi yeyote.

Hatua ya tatu: tangi

Chukua mfano wa tani 20 za taka za soko kwa siku. Ukichanganya na kiasi kama hicho cha maji unapata mita za ujazo 40 kila siku. Zikikaa siku 25 hadi 30, unahitaji tangi la mita za ujazo 1,000 hadi 1,200. Joto la Dar ni zawadi: bakteria hawa wanapenda 35 hadi 37°C, na wakati Wazungu wanaunguza gesi yao kupasha tangi, sisi tunahitaji kuongeza kidogo tu, au kutoongeza kabisa.

Anza na mbegu: samadi au tope la mtambo mwingine unaofanya kazi. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, wamejenga mitambo ya wafugaji kwa miaka mingi, na tope la mtambo mzuri wa mfugaji mmoja lina thamani kuliko dawa yoyote ya dukani. Lisha kidogo kidogo kwa wiki sita hadi nane. Tangi ni tumbo. Ukilishindilia siku ya kwanza asidi inapanda, methani inashuka, na litakaa wiki kadhaa likiuma. Angalia pH iwe kati ya 6.8 na 7.5. Ikianza kushuka, acha kulisha siku mbili tatu. Mwenye tangi asiyeweza kuacha kulisha, kwa sababu Canter zimepanga mstari getini, amejenga bila ghala na atajuta.

Na tope linalotoka? Hapa ndipo miradi mingi ya mjini inapofia, na michoro ya wauzaji haionyeshi. Ukiingiza mita 40, zinatoka karibu mita 40. Huwezi kumwaga kwenye mto Msimbazi. Kamua tope: maji yake yarudi kuchanganya taka mpya (ukipima amonia isijikusanye), usinunue maji mapya. Kitakachobaki, tuseme mita 20, ni safari mbili za lori la mita 10 kila siku, Jumapili ikiwemo. Wakulima wa Kisarawe, Mkuranga na Kibaha wataipokea mbolea hiyo, lakini kubaliana nao na ujue dizeli ni ya nani kabla hujamwaga zege.

Hatua ya nne: hesabu halisi ya gesi

Mita yako imesoma mita za ujazo 1,600 kwa siku. Usishangilie. Gesi ya 30°C imevimba, na imejaa mvuke. Ukiirudisha kwenye nyuzi sifuri, kama biashara ya gesi inavyohesabu, inabaki asilimia 90. Toa mvuke, karibu asilimia 4. Umebaki na 1,380 hivi. Asilimia 60 ya hiyo ni methani: mita 829, sawa na kilo 595. Toa asilimia 3 itakayopotea kwenye usafishaji, na asilimia 10 ya siku ambazo umeme umekatika au kompresa iko kwa fundi. Unabaki na kilo 520 za kuuza.

Kilo 520 kwa tani 20 ni kilo 26 kwa tani. Je, inaaminika? Mtambo wa Indore, India, uliofunguliwa Februari 2022, ulitangazwa kupokea tani 550 za taka mbichi zilizochambuliwa na kutoa takriban kilo 17,000 kwa siku. Hiyo ni kilo 31 kwa tani. Kwa hiyo mtu akikuahidi kilo 60 kwa tani ya mchicha na matikiti, mpe chai na umsindikize.

Kilo moja ya gesi hii ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Bajaji inayotumia kilo 4 kwa siku: umehudumia bajaji 130. Si kituo kikubwa, lakini ni biashara.

Hatua ya tano: ondoa salfa bila kuingiza hewa

Vitabu vya biogesi vinafundisha njia rahisi ya kuondoa salfa: puliza hewa kidogo, asilimia 2 hadi 5, kwenye sehemu ya juu ya tangi, bakteria wataigeuza salfa kuwa unga wa njano. Kwa jenereta njia hiyo ni nzuri. Kwa biomethani ni kosa kubwa. Weka hewa asilimia 4, kisha ondoa hewa ukaa: methani yako inakwama kwenye 92 au 93, kwa sababu naitrojeni uliyoipuliza mwenyewe imebaki na imejikusanya. Niliwahi kuitwa mahali ambako walibadilisha mashine ya hewa ukaa mara mbili wakitafuta kwa nini hawafiki 95. Kosa lilikuwa pampu ndogo ya hewa, kubwa kama ya samaki wa mapambo, iliyofungwa juu ya tangi na fundi wa kwanza na kusahauliwa.

Badala yake, weka kloridi ya chuma ndani ya tangi, inashika salfa kabla haijawa gesi. Kinachobaki pitisha kwenye pipa la oksidi ya chuma. Kutu, kwa Kiswahili cha mtaani. Pipa hilo linataka unyevu, kwa hiyo likae kabla ya kikaushio. Siku ya kulibadilisha mwagia maji kwanza. Kutu iliyoshiba salfa ikikutana na hewa ghafla inajipasha yenyewe hadi kuwaka.

Kisha poza gesi. Mita moja ya gesi ya 30°C hubeba gramu 30 za maji; ukiipoza hadi 5°C zinabaki gramu 7. Baada ya hapo pitisha kwenye mkaa ulioamilishwa, unaofanya kazi vizuri gesi ikiwa kavu. Mkaa huo hunasa masalia ya salfa na siloksani. Siloksani hutoka kwenye sabuni, shampuu na vipodozi, hivyo taka za soko zina kidogo, dampo na majitaka zina nyingi. Zikiungua zinakuwa mchanga laini ndani ya silinda ya injini. Mchanga tena.

Hatua ya sita: ondoa hewa ukaa

Njia maarufu ya bei nafuu ni kuosha kwa maji. Gesi inapanda mnara kwa baa 6 hadi 10, maji yanashuka, hewa ukaa inayeyuka ndani ya maji na methani inapita. Taasisi ya teknolojia ya IIT Delhi, India, imeifanyia kazi sana kwa mitambo midogo, na mafundi wetu wanaweza kuijenga kwa sehemu kubwa. Tatizo ni joto. Lita ya maji ya 10°C inabeba gramu 2.3 za hewa ukaa. Ya 30°C inabeba 1.26. Maji ya tangi la juu la Dar, saa nane mchana wa Februari, yanahitajika karibu mara mbili ya yale ya mchoro uliotoka Sweden, na pampu vivyo hivyo. Ukichagua njia hii nunua na kipozea maji, au kubali kwamba mchana utazalisha pungufu.

Kemikali za amini, zinazonyonya hewa ukaa, ndizo zinazopoteza methani kidogo kuliko zote, chini ya asilimia 0.1, lakini zinadai joto la kuzisafisha na mkemia asiyelala. Kwa mita 58 kwa saa, ambazo ndizo mfano wetu (zile 1,380 ukigawa kwa saa 24), sizipendekezi. Minara ya kunasa kwa msukumo (punje zinazoshika hewa ukaa msukumo ukipanda na kuiachia ukishuka) inafanya kazi, ila ina valvu zinazofunguka na kufunga usiku na mchana, na vumbi letu linazipenda.

Kwa ukubwa huu mimi ningechukua nyuzi za utando. Ni mirija membamba maelfu ndani ya bomba. Gesi inasukumwa kwa baa 10 hadi 16, hewa ukaa inapenya kuta, methani inabaki. Inakuja kwenye kontena, unaongeza bomba ukikua, na joto haliisumbui sana. Masharti ni mawili. Salfa, mafuta ya kompresa na maji vikiifikia inakufa, kwa hiyo usibane matumizi kwenye hatua ya tano. Na usinunue ya ngazi moja, nunua mbili au tatu, maana ya ngazi moja inatupa methani nyingi pamoja na hewa ukaa.

Kuhusu kutupa: methani inayovuja inapasha dunia mara 27 au zaidi ya hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Mtambo wetu ukivujisha asilimia 5, ni kilo 30 kwa siku, sawa na kilo 800 za hewa ukaa. Bomba la kutolea hewa ukaa lipimwe kila wiki. Lielekee juu, lisiishie kwenye shimo au karibu na kibanda cha mlinzi: hewa ukaa ni nzito, inatuama chini kama maji, na haina harufu.

Hatua ya saba: pima, tia harufu, shindilia

Weka kipimo cha kudumu cha methani, oksijeni, salfa na unyevu kabla ya kompresa kubwa, na valvu ya njia tatu inayoirudisha gesi nyuma yenyewe kipimo kikishuka. Lenga methani 95 au zaidi. Kwa magari, kiwango cha Ulaya EN 16723 hakiruhusu salfaidi kupita miligramu 5 kwa mita ya ujazo. TBS, shirika la viwango, watakuambia wanachodai hapa, na usingoje hadi mwisho kuwauliza.

Ukavu ni muhimu hata kama Dar haijawahi kuona barafu. Gesi ikitoka baa 250 kwenda kwenye mtungi inapoa ghafla, na unyevu kidogo unaganda kwenye pua ya pampu huku dereva akitokwa jasho.

Biomethani safi haina harufu. Ile salfa uliyoiondoa kwa gharama ilikuwa kengele yako. Tia dawa ya harufu, kama ile ya gesi ya mitungi ya nyumbani, ili uvujaji unuke. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 hewani inalipuka kwa cheche moja. Ni nyepesi, kwa hiyo banda la kompresa liwe na paa lililo wazi juu. Slabu nzuri ya zege bila tundu ni mtego.

Tahadhari moja zaidi: mtu asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu mwezi mzima. Haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo inanuka, ikizidi inaua pua kwanza. Ukidhani harufu imeisha, huenda ni pua yako iliyoisha. Anayemfuata mwenzake kumwokoa hufa naye.

Vibali na fedha

Anza na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ukurasa mmoja wa maelezo, kabla ya michoro. Wao ndio wasimamizi wa biashara ya gesi asilia, na watakuelekeza wewe ni nani machoni pa sheria. NEMC, baraza la mazingira, kwa tathmini ya mazingira. OSHA, wakala wa usalama kazini, kwa vyombo vya msukumo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa mpangilio wa eneo. Wakala wa Vipimo kwa pampu ya kuuzia. Kwa ufungaji wa mitungi kwenye magari, DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, wana karakana na uzoefu. Kuingiza gesi kwenye bomba la TPDC, shirika la petroli la taifa, kunasikika vizuri, lakini kwa kilo 500 kwa siku gharama ya kuunganisha na kupima itakumeza. Uza palepale kwenye uwanja wako.

Umeme: kusafisha hula takriban uniti 0.25 kwa kila mita ya biogesi, na kushindilia karibu kiasi hicho kwa kila mita ya biomethani. Kwa mfano wetu ni uniti 550 kwa siku. Zidisha kwa bei yako ya LUKU kabla hujazidisha kilo kwa bei ya gesi. Fedha za kaboni zina kanuni zake tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Ziombe, lakini usiziweke kwenye ratiba ya kulipa mkopo.

Mwenge wa dharura uwe na kiwashio cha betri yake. Umeme ukikatika saa kumi usiku, kompresa inasimama lakini bakteria hawajui. Wanaendelea kutoa mita 60 na ushee kila saa. Kwenye daftari la zamu, safu ya kwanza iwe oksijeni, ya pili naitrojeni, methani iwe ya tatu, na mwenye zamu ya asubuhi azisome mbili za kwanza kabla hajafungua geti kwa Canter ya kwanza kutoka Mabibo.